Mficha maradhi kilio humuumbua: Thailand ilivyoacha kuficha UKIMWI



Kabla hujaendelea, hebu tujibu swali moja. Tuseme wewe ni waziri wa afya. Asubuhi moja daktari anakuwekea karatasi mezani. Imeandikwa kwamba katika mji mmoja wa nchi yako, kati ya kila wanawake 100 waliopimwa kwenye madanguro, 44 wana virusi vya UKIMWI. Huko nje watalii wanashuka kwenye ndege, na fedha zao zinaingia hazina kila siku. Utafanya nini? Utaifungia karatasi kwenye droo? Utawaita polisi wakawakamate wale wanawake? Au utakwenda redioni ukaseme?

Usidhani ni hadithi ya kutunga. Majibu hayo yalipatikana mwezi Juni 1989 katika mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Na nchi ile ilibidi ichague.

Utasema, "Thailand ni mbali, sisi inatuhusu nini?" Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wenzetu wa Asia walinyolewa mapema. Wako waliotia maji na wako waliosubiri. Leo tutazame kwa makini yaliyowapata, halafu tujiulize sisi wenyewe tumesimama wapi.

KWANZA TUKUMBUSHANE

VVU ni virusi vinavyoshambulia kinga ya mwili. Mtu asipopata dawa, kinga yake inashuka pole pole mpaka maradhi mengine yanamwingia kirahisi. Hapo ndipo tunasema ana UKIMWI. Virusi hivi havipiti kwenye kushikana mikono, kula sahani moja, kuumwa na mbu wala kukaa dawati moja. Vinapita kwenye kujamiiana bila kinga, kwenye damu (sindano zilizotumika, au damu ya kuongezewa isiyopimwa), na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha.

Jambo la kushika hapa ni moja: mtu anaweza kuishi na virusi miaka mingi huku ananawiri na kucheza mpira kama kawaida. Kwa macho humjui. Na yeye mwenyewe hajijui mpaka apime. Ndiyo maana nchi nzima inaweza kulala usingizi huku moto unasambaa chini ya majivu.

THAILAND ILIPOLALA USINGIZI

Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI aliripotiwa Thailand mwaka 1984. Wengi wakasema, "Hayo ni maradhi ya wageni, hayatuhusu." Mwaka 1987 nchi ilikuwa na kampeni kubwa ya kuwavutia watalii, na wakubwa hawakutaka kusikia habari za kuwatia watu hofu.

Lakini virusi havina habari na kampeni. Mwaka 1988 vipimo vya vijana wa Bangkok waliokuwa wakijidunga dawa za kulevya vilishtua watu. Mwanzoni hata mmoja kati ya 100 ilikuwa shida kumpata mwenye virusi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi wakawa zaidi ya 30 kati ya 100! Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu walikuwa wakichangia sindano. Damu kidogo iliyobaki kwenye bomba la sindano inatosha.

Mwaka uliofuata ndipo yakaja yale majibu ya Chiang Mai. Na wale wanawake wa madanguro hawakuwa kisiwa. Walikuwa na wateja: wafanyakazi, madereva, askari, wanafunzi wa vyuo. Wateja hao walikuwa na wake na wachumba nyumbani, na wake hao walikuwa wanabeba mimba. Kama ukuta una ufa, maji hayaulizi chumba cha nani.

MTU WA KONDOMU SERIKALINI

Mwaka 1991 Thailand ilipata Waziri Mkuu mpya, Anand Panyarachun. Katika serikali yake aliingia mtu mmoja machachari aitwaye Mechai Viravaidya. Huyu bwana alikuwa ameanza zamani, mwaka 1974, kwa kuanzisha shirika la uzazi wa mpango. Aliwafanya watu wacheke ili waweze kuzungumza. Aliandaa mashindano ya kupuliza kondomu kama maputo. Alifungua mgahawa akauita Kabichi na Kondomu, akisema kondomu zipatikane kirahisi kama kabichi sokoni. Ukimaliza kula, badala ya pipi unapewa kondomu. Ikafika mahali watu wa Thailand wakaiita kondomu yenyewe "mechai".

Usicheke tu, msomaji. Fikiria jinsi sisi tunavyoshindwa kutamka neno hilo mbele ya wazazi, na hata darasani mwalimu akifika ukurasa ule anasema "someni wenyewe nyumbani." Mechai alielewa kwamba aibu ni rafiki mkubwa wa virusi. Alichofanya ni kuiondoa aibu.

Baada ya hapo mambo matatu yalifanyika upesi.

Kwanza, Waziri Mkuu mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti wa kamati ya taifa ya UKIMWI. Lilikoma kuwa jambo la wizara ya afya peke yake. Elimu, ulinzi, mambo ya ndani, wote waliitwa mezani.

Pili, redio na televisheni zote ziliagizwa kutoa ujumbe wa UKIMWI kila saa. Ulikuwa ujumbe mfupi tu, wa kama dakika moja, lakini ulirudi saa baada ya saa, mpaka bibi kizee kijijini akaweza kueleza virusi vinapita wapi.

Tatu, serikali iliachana na mpango wa sheria ambayo ingewabana wagonjwa, na ikafuta utaratibu wa kupeleka majina yao kwa wakubwa. Hilo tutalirudia, maana ndiyo siri yenyewe.

KANUNI YA MIA KWA MIA

Sasa tuje kwenye kazi iliyoipa Thailand sifa duniani. Ilianza mwaka 1989 katika mkoa mmoja uitwao Ratchaburi, magharibi ya Bangkok, chini ya Daktari Wiwat Rojanapithayakorn.

Daktari huyu aliona tatizo ambalo hata wewe unaweza kuliona ukikaa ukafikiri. Tuseme dada mmoja katika danguro anamwambia mteja, "Bila kondomu, hapana." Mteja anafanyaje? Anatoka anaingia danguro la jirani, ambako hawamuulizi kitu. Yule dada amekosa fedha ya chakula, na mwenye danguro anamfokea. Kesho atakubali tu. Kwa hiyo kumfundisha dada mmoja mmoja hakutoshi. Anajua hatari, ila hana nguvu ya kukataa.

Dawa yake? Wakatae wote kwa pamoja, siku moja, mkoa mzima. Kama hakuna mlango hata mmoja unaopokea mteja asiyetaka kondomu, mteja hana pa kukimbilia. Daktari akakaa na mkuu wa mkoa, polisi na wenye madanguro wote. Makubaliano yakawa: kondomu mia kwa mia, na asiyetaka arudi kwao. Serikali ikatoa kondomu bure.

"Hivi walijuaje nani anadanganya?" Swali zuri. Hawakuweka mtu wa kuchungulia. Mwanaume alipokwenda kliniki na kisonono au kaswende, aliulizwa kwa upole tu: ulikwenda danguro gani? Kama wanaume kadhaa walitaja danguro moja, maana yake pale kondomu hazitumiki. Maofisa wakaenda kuongea na mwenye danguro. Akirudia, polisi wanaweza kumfungia. Ugonjwa wa zinaa ulikuwa kama moshi: ukiuona, unajua moto uko wapi.

Kumbuka ukahaba ulikuwa ni kosa kisheria Thailand. Wangeweza kuwakamata wote. Lakini walijua kwamba ukivunja danguro, biashara haiishi. Inahamia gizani, ambako daktari hafiki. Wakaamua kuokoa maisha kwanza.

Mpango ulifanya kazi Ratchaburi, mikoa mingine ikaiga, na mwaka 1991 serikali ikaamua uwe wa nchi nzima.

MATOKEO: NAMBA ZINASEMA

Mwaka 1989 kondomu zilitumika kwa wateja 14 tu kati ya 100 katika madanguro. Kufika mwaka 1993 walikuwa zaidi ya 90 kati ya 100. Magonjwa makuu ya zinaa kwa wanaume waliotibiwa kliniki za serikali yalipungua kwa karibu asilimia 80 katika miaka hiyo hiyo minne.

Na virusi je? Thailand ina njia yake ya kujua. Kila mwaka vijana wa kiume wa miaka 21 huitwa jeshini kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa kuwa wanatoka kila kona ya nchi, damu yao ni kioo cha vijana wote. Mwaka 1993 karibu 4 kati ya 100 walikuwa na virusi. Miaka kumi baadaye walikuwa chini ya 1 kati ya 100.

Kwa nchi nzima inakadiriwa kwamba mwaka 1991 watu 143,000 waliambukizwa upya. Mwaka 2003 walikuwa kama 19,000. Hawa waliopungua si namba za ubaoni. Ni wanafunzi waliomaliza shule, akina mama waliolea watoto wao, na wapiga gitaa ambao mpaka leo wanapiga gitaa.

Kambodia, jirani yao, ilijaribu mpango kama huo mwaka 1998 katika mji wa bandari wa Sihanoukville, halafu ikaueneza. Huko nako maambukizi yalishuka.

KUPIMA BILA KUOGOPA

Turudi kwenye ile siri. Kwa nini Thailand iliacha kukusanya majina?

Jiweke mahali pa kijana wa Bangkok mwaka ule. Ukipima na ukakutwa na virusi, jina lako na mtaa wako vinaandikwa na kupelekwa kwa wakubwa. Ungekwenda kupima? Sema kweli. Wengi hawakwenda. Na asiyepima hajui, na asiyejua anaambukiza bila kukusudia.

Mwaka 1991 Msalaba Mwekundu wa Thailand ulifungua kliniki Bangkok ambayo haikuuliza jina. Unapewa namba, unapata ushauri nasaha, unatolewa damu, unarudi na namba yako kuchukua majibu. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Asia. Watu wakaja kwa miguu yao wenyewe.

Si nchi zote za Asia zilizofuata njia hiyo. Katika nchi za Ghuba kama Saudi Arabia, Oman na Falme za Kiarabu, mgeni anayetaka kibali cha kuishi na kufanya kazi hupimwa kwa lazima. Akikutwa na virusi hunyimwa kibali au hurudishwa kwao. Dada na kaka zetu wengi wanaokwenda huko kutafuta maisha wanalijua hilo. Kipimo ni kile kile, damu ni ile ile, lakini kazi yake ni tofauti. Kliniki ya Bangkok ilipima ili imsaidie mtu. Vipimo vya kibali vinapima ili vimzuie mtu. Kipimo cha kwanza watu wanakifuata, cha pili wanakikwepa.

Na vijana wadogo kama wewe? Ufilipino kwa miaka mingi kijana aliye chini ya miaka 18 hakuweza kupima bila idhini ya mzazi. Fikiria kumwambia baba, "Naomba unisainie nikapime UKIMWI." Wengi walinyamaza. Wakati huo huo maambukizi mapya nchini humo yalikuwa yanapanda kwa kasi kuliko kwa majirani wengi, na sehemu kubwa ni vijana. Mwishoni mwa mwaka 2018 Ufilipino ilibadili sheria, na sasa kijana wa miaka 15 anaweza kuamua mwenyewe. Tanzania nayo ilishusha umri huo kutoka 18 hadi 15 mwaka 2019. Lakini sheria peke yake haitoshi. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2025, Ufilipino iliandikisha wastani wa watu wapya 57 kila siku. Walichelewa kusema, na sasa wanakimbizana na moto.

MWANAFUNZI WA CHENNAI NA AKINA DADA WA KOLKATA

Twende India. Mwaka 1986 wakubwa wengi walikuwa wakisema India haina virusi, "sisi ni watu wa maadili." Katika chuo cha udaktari mjini Chennai alikuwepo mwanafunzi mmoja, Sellappan Nirmala, aliyehitaji mada ya utafiti wake. Mwalimu wake, Daktari Suniti Solomon, akamwambia atafute virusi vya UKIMWI. Nirmala hakuwa mtu wa mji mkubwa, na mambo ya madanguro hakuyajua. Alikwenda kwa wanawake waliokuwa wamekamatwa na polisi, akawaomba damu, na sampuli akazihifadhi kwenye friji nyumbani kwake. Halafu akazipeleka mji wa Vellore zikapimwe. Sita zikaonyesha virusi. Nchi nzima ikashtuka. Unaona? Mwanafunzi aliyekubali kuuliza swali ambalo wengine hawakutaka kuliuliza ndiye aliyeiamsha nchi.

Mwaka 1992, katika mtaa wa Sonagachi mjini Kolkata, Daktari Smarajit Jana alianza njia nyingine. Yeye aliwafanya wale akina dada wenyewe kuwa walimu. Walifundishana na kutembeleana chumba kwa chumba. Kisha wakaunda chama chao, na mwaka 1995 wakaanzisha ushirika wa akiba na mikopo. Ushirika wa fedha unahusiana nini na UKIMWI? Unahusiana sana! Mwanamke mwenye akiba anaweza kumwambia mteja asiyetaka kondomu "nenda zako." Mwenye njaa hawezi. Katika miaka ya 1990 maambukizi ya Sonagachi yalibaki chini sana kuliko ya madanguro ya Mumbai.

Tazama tofauti. Thailand nguvu ya kukataa ilitoka juu, kwa serikali. Sonagachi ilitoka chini, kwa wanawake wenyewe. Wako waliolaumu njia ya Thailand kwamba iliwatumia polisi na haikuwauliza akina dada wanataka nini. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini zote mbili ziligundua kitu kimoja: kumpa mtu elimu bila kumpa nguvu ya kuitumia ni nusu ya kazi.

India ilitusaidia na sisi. Dawa za kupunguza makali zilipotoka miaka ya 1990, ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nani angeweza? Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kuuza mchanganyiko huo kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Bei zikaanguka. Vidonge vingi vinavyomezwa Afrika ya Mashariki leo vinatengenezwa India.

UCHINA: DAMU ILIYOFICHWA

Mkoani Henan, katika miaka ya 1990, wakulima maskini walikuwa wakiuza damu. Wanunuzi walichanganya damu za watu wengi pamoja, wakachukua majimaji yake yanayoitwa plazima, kisha seli nyekundu wakawarudishia wakulima mwilini ili waweze kuuza tena baada ya siku chache. Akiwepo mmoja mwenye virusi, wote wanavipata. Vijiji vizima viliugua.

Daktari mstaafu, mama Gao Yaojie, alizunguka vijijini akigawa dawa na vijitabu kwa fedha yake. Wakubwa wa huko hawakufurahi, wakamzuia na kumfuatilia. Mwishowe alihamia Marekani, ambako alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 95. Lakini ukweli ulitoka. Tarehe 1 Desemba 2003 Waziri Mkuu Wen Jiabao alikwenda hospitali Beijing akawashika mikono wagonjwa wa UKIMWI mbele ya kamera. Mwaka huo serikali ilitangaza dawa bure kwa wasio na uwezo, kupima bure, kinga bure kwa akina mama wajawazito, na shule bure kwa yatima wa UKIMWI. Ilikuwa hatua kubwa. Ila kwa waliokufa vijijini ilikuja kwa kuchelewa.

Na sindano chafu hazijaisha. Mwaka 2014 kijiji cha Roka, Kambodia, zaidi ya watu 200 waliambukizwa na mtu aliyewachoma sindano bila kuwa na leseni. Mwaka 2019 mjini Ratodero, Pakistan, waliambukizwa mamia, wengi wao watoto wadogo. Kwa hiyo wewe ukiwa zahanati, usione haya kuuliza, "Samahani, sindano ni mpya?"

WALIOACHWA NJE YA MLANGO

Je, Thailand ilifanya yote sawasawa? Hapana. Wale vijana waliojidunga, ambao ndio waliotoa ishara ya kwanza mwaka 1988, waliachwa nyuma. Hawakupewa sindano safi kama wengine walivyopewa kondomu. Mwaka 2003 serikali ilitangaza vita dhidi ya dawa za kulevya, na katika miezi michache watu zaidi ya 2,000 waliuawa. Waliobaki walijificha, wakaogopa hata hospitali. Matokeo yake maambukizi kwa kundi hilo yalibaki juu wakati kwa wengine yanashuka.

Na pale uchumi ulipoanguka mwaka 1997, bajeti ya kinga ilikatwa. Vijana waliozaliwa baadaye hawakuusikia ule ujumbe wa kila saa.

Lakini habari njema ipo pia. Mwezi Juni 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Thailand imetokomeza maambukizi ya virusi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, nchi ya kwanza Asia. Kutokomeza hapa maana yake ni kushusha mpaka chini ya watoto 2 kati ya kila 100 wanaozaliwa na mama wenye virusi. Mwaka 2000 inakadiriwa watoto 1,000 waliambukizwa. Mwaka 2015 walikuwa 85. Walifanyaje? Kila mama mjamzito alipimwa bure, na mwenye virusi alipata dawa bure. Mlango ulikuwa wazi hata kwa akina mama wahamiaji kutoka nchi jirani.

Kwa hiyo somo ndilo hili. Pale mlango wa huduma ulipofunguliwa, watu waliingia na virusi vikarudi nyuma. Pale mlango ulipofungwa kwa aibu, kwa uongo au kwa bunduki, virusi vilibaki ndani na watu wale wale.

NA WEWE JE?

Wewe si waziri. Lakini una milango yako ya kufungua. Jina lako la utani kwa mgonjwa, kicheko chako darasani, neno unalomwambia rafiki aliyetoka kupima: vyote hivyo hufungua au hufunga. Na kwa mwili wako mwenyewe, una haki ya kusema hapana na ya kusubiri. Anayekwambia "kama unanipenda thibitisha" hakupendi, anakupima nguvu. Ukiona mtu mzima anakushawishi kwa chipsi, simu au maksi, mwambie mtu unayemwamini upesi.

Maswali mnayotuuliza mara kwa mara

Nikipima leo, majibu ni ya uhakika?
Kipimo chenyewe ni cha kuaminika. Ila kama uliambukizwa siku chache zilizopita, kinaweza kisione. Rudia baada ya miezi 3.

Nimepatwa na hatari jana, au nimebakwa. Nifanye nini?
Kimbia kituo cha afya mara moja. Ipo dawa ya kuzuia virusi visikae mwilini, lakini lazima ianzwe ndani ya saa 72. Kila saa ina thamani.

Mwenye virusi akimeza dawa anaweza kuambukiza?
Akizimeza vizuri kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha damu, na akaendelea hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Dawa si tiba ya kumaliza, lakini mtu anaishi, anasoma, anaoa na kuzaa mtoto asiye na virusi.

JIPIME MWENYEWE (Kweli au Si kweli)

1. Mtu mwenye afya njema machoni hawezi kuwa na virusi.
2. Mpango wa mia kwa mia ulifaulu kwa sababu madanguro yote yalikataa kwa pamoja.
3. Kuwalazimisha watu kutoa majina kuliwafanya wengi waende kupima.
4. Kuchangia sindano kunaambukiza haraka sana.
5. Kukaa dawati moja na mwenye virusi ni hatari.

Majibu: 1. Si kweli. 2. Kweli. 3. Si kweli. 4. Kweli. 5. Si kweli.

Umepata mangapi? Ukipata yote matano, hongera, sasa mfundishe mdogo wako. Ukikosa, soma tena, hakuna anayekucheka. Na gazeti hili usilifungie kwenye begi. Mpe mwenzako wa dawati, kisha mzungumze kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona. Tuonane toleo lijalo!